Makumbusho ya Salar Jung, Hyderabad: mwongozo kamili kwa mgeni mwenye siku moja tu

Wenzetu wengi hufika Hyderabad, India, kwa matibabu, masomo au biashara, na katikati ya pilikapilika hizo hupata siku moja ya kupumua. Wanaikimbilia Salar Jung. Jioni ujumbe unaonifikia huwa ni uleule: tulikuta geti limefungwa, tulifika saa imeshalia, tumezunguka mpaka miguu imevimba na ile sanamu ya bibi mwenye shela hatukuiona.

Makosa haya yana chanzo kimoja. Watu huingia humo bila mpango, wakitaka kupita kila chumba. Makumbusho haya yana majengo matatu, vyumba vya maonyesho vinavyokaribia 40, na mkusanyiko unaozidi vitu 40,000. Hakuna binadamu anayeumaliza kwa siku moja. Ushauri wangu ni huu: panga asubuhi yako kuizunguka saa ya muziki (saa ya kale yenye kisanamu kinachotoka kugonga kengele kila saa kamili), chagua vyumba vinne au vitano, vingine viache bila majuto.

## Vitu vya kuandaa usiku wa kuamkia

- Pasipoti yako halisi, na picha ya ukurasa wa viza kwenye simu.
- Rupia taslimu, zikiwemo noti ndogondogo. India karibu kila mtu hulipa kwa kuskani msimbo kwa simu, na mfumo huo kwa kawaida unahitaji akaunti ya benki ya huko. Kadi ya benki ya nyumbani inaweza kukataa palepale kwenye kaunta.
- Simu yenye chaji na data, pamoja na programu ya usafiri uliyokwisha kuijaribu. Uber hukubali namba ya simu ya nje. Programu kadhaa za India hudai namba ya India.
- Begi dogo kabisa, au usibebe begi. Sababu utaiona katika hatua ya 4.
- Viatu vya kutembelea. Sakafu ni ngumu na utasimama sana.
- Karatasi yenye orodha ya vyumba unavyovitaka. Simu itakushughulisha na mambo mengine. Karatasi haina ujumbe wa kuingia.

Kunywa chai na ule vizuri kabla ya kuondoka. Ndani si mahali pa kula.

## Hatua ya 1: Chagua siku

Makumbusho hufungwa Ijumaa. Hapa ndipo wengi wanapoangukia. Sisi tumezoea Jumapili ndiyo siku ya milango kufungwa, na wageni waliowahi kutembelea makumbusho za Delhi hukariri kuwa siku mbaya ni Jumatatu. Hyderabad ni Ijumaa. Siku nyingine saa za kazi ni kuanzia saa 4:00 asubuhi hadi saa 11:00 jioni kwa hesabu yetu, na tiketi huacha kuuzwa kabla ya kufunga. Sikukuu za kitaifa zina utaratibu wake, kwa hiyo angalia tovuti ya makumbusho siku moja kabla.

Jumapili na siku za mapumziko ya shule ziepuke ukiweza. Familia za mjini hufurika, na mbele ya saa ya muziki utaona visogo vya watu tu. Jumanne, Jumatano na Alhamisi ndizo ninazozipendekeza.

Kuna onyo jingine ambalo vitabu vya watalii hulisahau. Makumbusho yako Darulshifa, ukingo wa kusini wa mto Musi, kwenye mlango wa Mji wa Kale. Tarehe 10 Muharram maandamano makubwa ya Ashura hupita mitaa hiyo. Siku ya kuzamisha sanamu za Ganesh, mungu wa Wahindu, ambayo huangukia Septemba kwa kawaida, misafara hupita Charminar na Afzalgunj kuelekea ziwa la Hussain Sagar. Siku kama hizo barabara hufungwa tangu asubuhi, na dereva atakushusha mbali au atakataa safari. Muulize muuguzi, mwenye nyumba au mhudumu wa hoteli: "Kesho kuna maandamano yoyote Mji wa Kale?" Swali hilo moja huokoa siku nzima.

## Hatua ya 2: Rekebisha saa yako ya mkono

India iko mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu. Hiyo nusu ndiyo inayoponza watu. Simu hujirekebisha yenyewe ikishika mtandao, lakini saa ya mkono wengi huisogeza mbele kwa saa mbili au tatu kamili, wakaishi hivyo wiki nzima bila kugundua. Kwenye miadi ya daktari utasubiri nusu saa na maisha yataendelea. Kwenye saa ya muziki, inayogonga kwa dakika yake, nusu saa ni kukosa kabisa.

Pia kumbuka kila utakachosoma langoni kimeandikwa kwa hesabu ya Kizungu: 10 ya asubuhi ni saa yetu nne. Mwongozo huu wote unatumia hesabu yetu ya Kiswahili.

## Hatua ya 3: Fika dakika 15 kabla ya kufunguliwa

Lenga kuwa getini saa 3:45 asubuhi. Hospitali na hoteli nyingi wanazofikia wagonjwa ziko upande wa Banjara Hills, Jubilee Hills na Gachibowli, yaani upande wa pili wa jiji, na foleni ya asubuhi Hyderabad haina huruma. Anayetoka Gachibowli ajipe zaidi ya saa moja.

Njia ya uhakika kuliko zote ni treni ya metro. Shuka kituo cha MGBS (Mahatma Gandhi Bus Station), kisha chukua bajaji uvuke mto. Umbali uliobaki ni mfupi.

Ukitumia programu ya usafiri, dereva akifika atakudai namba nne zinazoonekana kwenye simu yako kabla ya kuwasha safari. Usishtuke, ndio utaratibu wao. Msomee namba hizo baada ya kuhakikisha namba ya gari ni ileile iliyo kwenye programu, usizitaje kwa simu akiwa bado njiani.

Bajaji za barabarani huko huitwa *auto*. Patana bei kabla ya kukaa. Mwambie "Salar Jung Museum, Darulshifa" na atakuelewa. Akikwambia leo pamefungwa, akupeleke kwanza kwenye duka la lulu la rafiki yake, shukuru na uite bajaji nyingine. Kama si Ijumaa wala sikukuu, nenda ukaone mwenyewe.

## Hatua ya 4: Tiketi, ukaguzi na begi

Kuna bei ya raia wa India na bei ya wageni, na ya wageni ni kubwa mara nyingi zaidi. Lipa ya wageni bila kubishana. Nasema hili hasa kwa ndugu zetu wa Dar, Mombasa, Kampala na Unguja wenye asili ya Kihindi: kinachoangaliwa ni pasipoti. Kukutwa na tiketi ya raia mkononi na pasipoti ya Kenya mfukoni ni aibu isiyo na sababu.

Kupiga picha kuna masharti yake na hulipiwa. Uliza hapohapo kaunta, kabla hujaingia, kama simu yako inahitaji kibali. Mwanga wa kamera usiutumie ndani hata kama hakuna anayekutazama, kwa kuwa huchakaza rangi na karatasi za kale.

Baada ya tiketi utapita kwenye ukaguzi. Begi kubwa, chakula na chupa hubaki kwenye chumba cha mizigo, nawe hupewa kibao au karatasi yenye namba. Ipige picha namba hiyo. Pasipoti, fedha na dawa usiviache kwenye begi. Vitie mfukoni au kwenye mkoba wa shingoni. Mgonjwa wa kisukari anayehitaji kitu kitamu karibu amweleze mlinzi kwa utulivu kabla ya kukaguliwa.

Hatua hii ukiwa umeimaliza salama utajikuta uani ifikapo saa 4:15 hivi, mikono mitupu, na umati bado uko kwenye foleni nyuma yako.

## Hatua ya 5: Jua majengo matatu kabla ya kupiga hatua

Simama kidogo ujipange. Jengo la kati ndilo lenye vitu vya India pamoja na mambo mengi yanayowaleta watu hapa. Jengo la magharibi limebeba vitu vya Ulaya: vioo, saa, samani, michoro. Jengo la mashariki lina China, Japani na nchi za jirani zake.

Mwenye asubuhi moja akae jengo la kati. Wanaofeli huanza na lolote lililo karibu, wakateketeza saa nzima kwenye vyombo vya udongo vya Ulaya, kisha wakafika kwenye hazina wakiwa hoi. Jengo la magharibi ni la watakaobakiwa na nguvu.

Mfanyakazi yeyote mwenye sare ukimwonyesha jina lililoandikwa kwa herufi kubwa kwenye karatasi yako, atakunyooshea kidole. Andika: VEILED REBECCA, MUSICAL CLOCK, JADE, MANUSCRIPTS, IVORY. Ndiyo majina yaliyo kwenye vibao.

## Hatua ya 6: Anza na Rebeka, kabla ya umati

Sanamu ya Rebeka mwenye shela ilichongwa na Mwitaliano Giovanni Maria Benzoni, na ikanunuliwa na Salar Jung wa Kwanza, waziri mkuu wa Hyderabad, aliposafiri Italia mwaka 1876. Ni yule Rebeka wa kitabu cha Mwanzo, aliyejifunika alipomwona Isaka akija.

Wengi hupiga picha kutoka mlangoni na kuondoka. Usifanye hivyo. Sogea hadi pale kamba inapokuruhusu, uangalie uso. Shela imeshuka juu ya paji, pua na midomo, na bado kila kimoja unakiona chini yake, kana kwamba kitambaa kimelowa na kugandia ngozini. Kisha jikumbushe kwamba hakuna kitambaa. Shela na uso ni jiwe lilelile la marumaru, pande moja. Sogea kushoto, urudi kulia. Mwanga ukihama, mikunjo ya shela hubadilika na sura nayo hubadilika.

Dakika 10 hapa si nyingi. Ukianza kujiuliza patasi ilipita wapi pasivunjike, umeshaiona.

Ukiwa njiani tafuta sanamu ya mbao yenye watu wawili, kazi ya Ufaransa ya karne ya 19. Mbele ni Mephistopheles, shetani wa hadithi ya Faust, kasimama kwa majivuno. Nyuma, katika gogo hilohilo, ni binti Margaretta kainamisha kichwa. Kuna kioo nyuma yake. Simama pembeni kidogo, si katikati, ili umwone mmoja kwa macho na mwenzake kwenye kioo kwa wakati mmoja.

## Hatua ya 7: Saa ya muziki

Hii ndiyo nguzo ya ziara yako, kwa hiyo nitakaa nayo.

Sehemu zake zilitoka Uingereza katika karne ya 19, zikaunganishwa Calcutta na kampuni ya Cooke and Kelvey. Ukikaribia utamwona mhunzi mdogo anayegonga nyundo sekunde kwa sekunde, bila kupumzika. Dakika 3 hivi kabla ya saa kamili, mlango mdogo hufunguka, kisanamu cha mzee mwenye ndevu hutoka, kikasubiri. Saa ikitimia, hugonga kengele kwa idadi ya saa hiyo, kisha hurudi ndani na mlango hufungwa. Basi. Aliyechelewa dakika moja atasubiri 59.

Saa ipi uje? Idadi ya mapigo hufuata hesabu ya Kizungu. Saa 6:00 mchana hugonga mara 12, na kwa sababu hiyo ndipo watu hujaa kuliko wakati wowote. Saa 7:00 mchana hugonga mara moja tu. Familia iliyosubiri muda wote huo huondoka na manung'uniko. Chagua saa 5:00 asubuhi. Utapata mapigo 11, umati ni mdogo, na ikitokea umechelewa bado una saa 6:00 mchana kama akiba. Hiyo akiba ndiyo sababu kuu ya kufika mapema.

Fanya hivi:

1. Uwe umeketi ifikapo saa 4:45. Kuna viti vya kusubiria mbele ya saa. Watoto waketi mbele.
2. Tambua mlango mdogo uko wapi kabla haujafunguka. Kisanamu ni kidogo, na wanaoanza kukitafuta kikishatoka hukiona kikirudi.
3. Kama una kibali cha kurekodi, washa video dakika 4 kabla, uishike simu usawa wa kifua. Ukiinyanyua juu ya kichwa umewaziba walio nyuma, nao watakwambia.
4. Rekodi mapigo matatu ya kwanza, kisha teremsha simu uangalie kwa macho.

Baada ya pigo la mwisho umati wote huinuka pamoja na kuelekea mlango mmoja. Kaa dakika 5. Sogea karibu na saa wakati huo, ambapo nafasi imebaki tupu, umtazame yule mhunzi akiendelea na kazi yake.

## Hatua ya 8: Jade na miswada

Hivi ni vyumba tulivu, na kwa maoni yangu ndivyo vyenye uzito kuliko vyote. Watu hupita haraka kwa kuwa vitu ni vidogo na vioo vina mwako. Dawa ya mwako ni kusogea pembeni na kuinama kidogo hadi utakapoona ndani.

Kwenye chumba cha jade, jiwe gumu la thamani, tafuta kisu cha matunda cha malkia Nur Jahan chenye vito, jambia la mumewe, mfalme Jahangir wa dola ya Mughal, na pete ya kuvutia upinde ya Shah Jahan, aliyejenga Taj Mahal. Pete ya jiwe huvaliwa kidole gumba ili kamba isikate ngozi. Mfalme aliivaa kwa kazi. Kisha kuna marufaa ya jade, ya kuwekea msahafu, yenye jina la Sultani Altamash. Aliyesoma chuoni juu ya marufaa ya mbao, Lamu au Unguja, atasimama hapo muda mrefu.

Kwenye miswada ulizia msahafu ulioandikwa na Yaqut al-Musta'simi, bingwa wa khati wa Baghdad wa karne ya 13, ambao una sahihi za wafalme watatu waliofuatana: Jahangir, Shah Jahan na Aurangzeb. Mkusanyiko ni mkubwa kuliko kinachowekwa wazi, na miswada hubadilishwa ili karatasi zipumzike, kwa hiyo kama leo haupo, tazama yaliyopo. Angalia wino wa dhahabu kutoka upande, si kwa kusimama wima mbele yake.

Mtu anayetafiti, mwenye barua ya chuo, aombe maktaba ya makumbusho mapema kwa maandishi. Mlinzi wa chumba hana mamlaka ya kumfungulia.

## Hatua ya 9: Chumba cha pembe

Wageni wengi hupita hapa wakisifia ufundi. Mswahili ana jambo la ziada la kukumbuka. Katika karne ya 19 pembe za ndovu za bara letu zilibebwa mabegani na wapagazi hadi Bagamoyo na bandari nyingine za pwani, zikavushwa Unguja, na shehena nyingi zikapelekwa Bombay. Mafundi wa India walizipenda kwa kuwa ni kubwa na laini kuchonga. Simama mbele ya viti na mikeka ya pembe ukiwa na habari hiyo kichwani. Waeleze na watoto. Vibao vya ukutani havitawaeleza hayo.

## Ukiwa na mgonjwa, mzee au watoto wadogo

Daktari kwanza. Mgonjwa aliyetoka upasuaji asiletwe kwa kuwa tu amechoka kukaa chumbani. Aliyeruhusiwa, ulizia kiti cha magurudumu mlangoni kabla ya kuanza kutembea, usisubiri achoke. Mpangie vitu viwili: Rebeka na saa. Vikiisha, mrudishe. Hali ya jade na miswada ataipata kwenye simulizi yako.

Aprili na Mei joto la Hyderabad hupita nyuzi 40, na hatari si ndani bali ni ule muda wa kusimama nje kusubiri gari. Ita gari ukiwa bado kivulini, utoke dereva akishafika.

Watoto chini ya miaka 6 huchoka baada ya ile saa ya muziki. Usijaribu kuwaburuta kwenye miswada.

## Hatua ya 10: Kutoka

Saa 6:30 mchana hivi utakuwa umemaliza. Mwenye nguvu aende jengo la magharibi sasa, kwa kuwa ukishatoka getini hesabu kuwa tiketi imekwisha. Chukua begi, lifungue na ulikague mbele ya mhudumu.

Charminar, iliyojengwa mwaka 1591, iko kama kilomita 2 kusini. Jua likiwa kali chukua bajaji, ule biriani huko, unywe chai ya Irani na biskuti za Osmania, kisha upite Laad Bazaar kwa bangili. Bei ya kwanza utakayotajiwa sokoni ina nafasi kubwa ya kushuka.

Ondoka Mji wa Kale kabla ya saa 11:00 jioni. Baada ya hapo magari ya programu huanza kughairi safari moja baada ya nyingine. Ikikutokea, panda bajaji hadi kituo cha MGBS na umalizie kwa metro.